Boga Husomwa Kikonyoni

Kabla hujaanza safari, mwanangu, nikuambie: kuna siku ambayo hunirudia kama ukungu unavyorudi ziwani: siku niliyotumwa maboga. Ni zamani za Wadachi, Wajerumani waliotutawala. Nilikuwa nimeacha shule ya misheni kabla ya kumaliza, miguu inaniwasha, nazurura kati ya vijiji vya Ikolo na Ngana nikitaka tu kuona watu wanaishi vipi. Mtembezi hula miguu yake, wanasema. Mimi nililishwa na shangazi.

Shangazi alikuwa mjane, mfinyanzi wa ufukweni. Mvua kubwa zikianza, udongo haukauki, na chungu kibichi hakichomwi. Kwa hiyo wafinyanzi walibadilisha mapema vyungu kwa maboga ya kukaa, yasiyooza upesi, wakayapanga darini juu ya moshi wa jiko. Hayo ndiyo yaliyomlisha yeye na wanawe wawili hadi jua lirudi. Mwaka ule alinituma Ngana na vyungu sita, vya mwisho alivyokuwa navyo.

Mama mwenye shamba alikuwa na mafungu mawili, yote ya kijani yenye madoa, kama mapacha.

"Unataka ya kukaa, au ya kula wiki hii?"

Niliona haya kuuliza. "Nayajua, mama."

"Haya, chagua, msomi."

Nikachagua yaliyong'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mvua zikaja. Siku zikawa laini, hazina mwanzo wala mwisho. Ziwa na mbingu rangi moja, hata sauti za watu zilikuja kama kutoka usingizini. Asubuhi moja tone likaanguka kutoka darini, kisha jingine, likinuka pombe iliyochacha. Maboga yote yalikuwa yameoza.

Shangazi hakupaza sauti. Aligeuza moja.

"Kule shuleni ulisoma herufi ngapi?"

"Zote, shangazi."

"Na hii?" Akaweka kidole changu kwenye kikonyo. "Kimenyooka mpaka kwenye ganda. La kukaa, kikonyo chake kina kona tano, na hutanuka kinaposhika boga, kama mguu wa kuku ukikanyaga tope."

Akapika ndizi chache zilizokuwapo, akawapa watoto, akasema yeye ameshiba. Sikuweza kumtazama. Nikarudi Ngana mvuani, mikono mitupu, nikamwambia yule mama ukweli: nilikuwa sijui. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Leo ndiyo umeanza shule," akasema, akanipa jembe.

Nililima siku nne. Akanilipa maboga matano, akanitaka niyachague nimefumba macho, kwa ncha za vidole. Yakatufikisha kwenye jua.

Mwanangu, vitu vingi duniani vina ganda moja. Usikimbilie mng'ao, papasa pale kitu kiliposhikana na shina lake. Na usipojua, sema hujui mapema, kwa maana kuona haya kwako huenda kukawa njaa ya mwingine. Nenda salama. Mungu akujalie miaka mirefu, na kila mlango utakaobisha umkute wa kukufundisha.