Uwanja Nilioupaka Kijani

Nakumbuka Jumanne moja mjini Garissa, katika miaka ya tisini, nilipokuwa na shahada mpya, kazi mpya na moyo ulionidunda kama ngoma ya arusi. Mkuu wangu katika ofisi ya mipango alinituma kukadiria ardhi iliyobaki mjini kwa ajili ya maduka, mabohari na viwanda. Nilianza Alhamisi iliyotangulia, nikazunguka kwa miguu, nikipaka ramani nyekundu palipotumika na kijani palipokuwa patupu. Jumanne hiyo, mwanangu, nikafika ukingoni mwa mji na kukuta uwanja mpana ajabu, usio na ukuta wala paa. Nikaupaka kijani wote, kwa furaha ya mtu aliyegundua kisima. Keshokutwa yake kamati ingeketi kuwagawia wenye viwanda kila palipo kijani.

Kando yangu mama mmoja alikuwa akisokota kamba. Jina lake Halima. Nami nikamwita Eedo, yaani shangazi, kama ilivyo adabu yetu Wasomali. Akaniuliza kijani kina maana gani. Nikamweleza kwamba pale hapana mtumiaji. Akainuka taratibu, akachokoa kwa fimbo kinyesi kikavu cha ngamia, kilichotapakaa hadi upeo wa macho.

"Hiki ni cha nani, msomi? Chako?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akataka kujua kwetu ni wapi. Nikasema Bute, kwa wafugaji.

"Mtoto wa mfugaji, na husomi kinyesi? Njoo kesho alfajiri. Kalamu iache nyumbani."

Nakiri niliudhika, na nusura nisiende. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo; nikaenda.

Mwanangu, niliusikia uwanja kabla sijauona! Mbuzi, ng'ombe, kengele za mbao za ngamia. Madalali wameshikana mikono chini ya shuka, wakipatana bei kwa vidole bila kutamka neno. Kamba za Eedo Halima zilinunuliwa mbio hata hakupata wasaa wa kunisuta. Kumbe Jumatano ndiyo siku ya soko la mifugo, nami nilikuwa nimepima siku zote isipokuwa hiyo. Nikazunguka kwa msisimko wa mtoto, mpaka nikaona shingoni mwa ngamia mmoja alama ya moto ya ukoo wetu. Kila muhula baba alikuwa akitoa ngamia mmoja zizini, nami nikabaki shuleni. Sikuwahi kuuliza walikouzwa. Ardhi iliyonisomesha nilikuwa nimeiandika kuwa haina kazi. Mkataa kwao ni mtumwa.

Mchana huo nilichora ramani upya, nikaipeleka kwa mkuu na kukiri kosa langu. Akakunja uso: "Kwa hiyo ardhi tupu imepungua?"

"Haikupungua, mzee. Haikuwapo."

Kesho yake akaipeleka ramani mpya kwenye kamati. Mabohari yakapelekwa kwenye ardhi ya mawe, ng'ambo ya barabara, soko likabaki.

Basi, mwanangu, utakapopewa mamlaka ya kusema mahali hapa hapana kitu, ngoja kwanza juma lizunguke lote. Tazama chini, kisha muulize anayeketi hapo kila siku. Na shahada yako isikusahaulishe kusoma kile ulichokisoma kabla ya kujua herufi.

Mola akupe macho yanayoona na ulimi usioona haya kusema "nilikosea", na popote utakapotia kalamu yako, wenye mahali pale wakuombee dua. Amin.