Kichwa cha Kambare

Kwamboka aliolewa Masimba mwaka wa 1969, katika nyumba ya Kikatoliki iliyokula samaki kuliko majirani wote. Mumewe, Onsongo, aliosha mchanga wa dhahabu kwenye kijito cha upande wa Kilgoris. Wikendi alirudi na kambare aliowavua katika madimbwi ya chini ya pale walipooshea, na Jumapili, baada ya misa, mama mkwe wake Mong'ina ndiye aliyewagawa. Kichwa na mnofu wa shingo vilikuwa vya mwenye mimba. Katika nyumba ile hapakuwa na heshima kupita hiyo.

Alipokuwa na mimba ya Momanyi alivila vichwa hivyo mpaka mashavu yakajaa. Sasa Momanyi alikuwa na miaka mitatu, hajatamka neno, na alitembea kama mtu anayevuka utelezi. Majirani walikuwa wameanza kuulizana ni nani aliyemroga.

Mimba ya pili ilipoanza kuonekana, kaka yake Abner, aliyesomea mambo ya samaki chuoni, alikuja kumjulia hali. Onsongo alimwonyesha kichupa cha zebaki na jinsi inavyokamata vumbi la dhahabu.

"Na maji machafu mnayamwaga wapi?" Abner akauliza.

"Si yanajiendea tu? Shemeji, acha kunitazama hivyo. Mimi huishika kwa mikono hii, mbona sijafa?"

Abner alimwita dada yake kando, kwenye migomba.

"Ile zebaki haiozi, Kwamboka. Inatua kwenye tope, wadudu wanaila. Samaki mdogo anakula wadudu wengi, kila mmoja na chembe yake. Kambare anawameza hao wadogo mwaka baada ya mwaka, nayo inamkaa mwilini. Yule mkubwa mnayemshangilia ndiye ghala lenyewe. Kupika hakuiondoi. Na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni."

"Na Momanyi?"

"Sijui, dada. Lakini asimle tena kambare. Waambie."

"Niwaambie chakula cha mama mkwe kina sumu?"

Mke mwenza wa Mong'ina alifukuzwa boma lile kwa kusingiziwa neno hilo hilo, sumu, nyumba yake ikatiwa moto. Kwa mtoto kama Momanyi, nani angengoja kusikia habari za tope na wadudu? Wangemwendea Mong'ina na mienge, naye hakuwa na kosa lolote ila kumpenda mkaza mwana wake.

Jumapili iliyofuata kichwa kiliwekwa mbele ya Kwamboka, kikifuka moshi.

"Kula, mwanangu. Huyo wa safari hii atoke na sauti," Mong'ina alisema.

"Mama, nimeanza kusali Sabato." Hakuwa amewahi kukanyaga kanisa la Wasabato. "Samaki asiye na magamba hatuli."

Onsongo aliacha kutafuna. "Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana!" Mong'ina alicheka, kisha akaona kwamba hakuna anayecheka naye. Machozi yalimlenga. "Basi Sabato wamenishinda. Chai pia watakunyang'anya, utaona." Akaivuta sahani, akaisukuma mbele ya Momanyi. "Mjukuu wangu atanilia."

"Naye ni wa Sabato, mama."

"Huyu?" Sauti ya ajuza ilikuwa ya upole kabisa. "Huyu ni wa ng'ombe wetu. Wewe sali utakako."

Onsongo aliitikia kwa kichwa. Mahari ya ng'ombe ilikuwa imelipwa, na mtoto ni wa nyumba ya baba.

"Basi nimtolee mifupa," Kwamboka alisema.

Alimpakata Momanyi, akaanza. Tonge la ugali tupu lilikwenda kinywani mwa mtoto, mnofu ukabaki umefichwa kiganjani mwa mama yake. Tonge jingine, mnofu mwingine. Mong'ina aliegemeza kidevu mkononi, akimtazama mjukuu wake anavyokula vizuri, naye akatabasamu. Kiganja cha Kwamboka kilikuwa kimejaa, mafuta yakimtiririka hadi kiwiko, na sahani haijapungua hata nusu.