Mwajuma Alivyonijia Bondeni

Usiku ule wa kuamkia mkutano wa kijiji nililala nikiwa nimeshaamua kwamba sitasema neno juu ya moshi wa matanuri. Nilikuwa na mimba changa, waliojua ni mume wangu Selemani na nesi wa zahanati tu, na mwenye matanuri ya matofali ndiye aliyetuajiri mimi na mume wangu. Usingizi ukanichukua.

Nikajiona bondeni penye matanuri, jua likiwaka, moshi mweusi wa matairi wanayochochelea moto umelalia mapaa yetu kama kila siku. Nikamwona shoga yangu Mwajuma anakuja. Nilijua amekufa; nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Tulifyatua matofali pamoja, naye alifanya kazi kwenye moshi ule mimba yake nzima. Mwanawe Hadija alizaliwa na tundu kwenye moyo, akinyonya kidogo anatweta. Hakuishi. Mwajuma naye akafuata, kwa homa.

Sasa anatembea kwa wepisi, kanga yake mpya, Hadija yumo mgongoni. Namuuliza habari za huko. Ananishika mkono, na bonde limekuwa korido ya hospitali ya mkoa, pale tulipokaa tukingoja majibu ya moyo wa mtoto. Nesi wetu amesimama ukutani, anarudia taratibu yale aliyoniambia kliniki: kwamba watoto huzaliwa hivyo kwa sababu nyingi na hakuna awezaye kuapa ni moshi uliomdhuru Hadija, ila moshi kama ule huongeza hatari, na moyo wa mtoto huumbika wiki za mwanzo kabisa, pengine mama mwenyewe hajajua kama amebeba.

Nageuka, korido haipo. Tuko uwanjani kwetu, hewa nyeupe, milima inaonekana hadi kileleni. Hadija ameshuka mgongoni, anakimbia. Anakimbia na kucheka, wala hatweti. Mwajuma anaweka kiganja chake tumboni mwangu.

"Mimi sikuambiwa na mtu, Tabu," anasema. "Wewe umeambiwa. Waambie wenzako."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na Selemani alinitazama akasema nilikuwa nacheka usingizini. Nikamsimulia yote. Akasema kazi za mikono zipo popote, nikaseme.

Nikasimama mkutanoni. Nikasema mbele ya wakwe zangu kwamba nina mimba, nikaeleza maneno ya nesi, nikamtaja Hadija kwa jina lake. Mwenye matanuri akajibu kwamba matofali hayaivi kwa maneno ya wanawake. Hapo mama yake Mwajuma, ambaye tangu msiba hakuwa akifungua kinywa hadharani, akainuka.

"Mjukuu wangu nilimzika mimi," alisema. "Huyu wa Tabu hatumziki."

Wanawake wa bondeni wakasimama wote, na waume zao wakasimama nyuma yao. Nesi akathibitisha niliyosema. Mwenyekiti akapitisha mbele ya kila mtu: matairi marufuku, matanuri yahamie ng'ambo ya kilima mbali na nyumba, na mwenye mimba, au anayetaka kubeba, apewe kazi mbali na moto. Yule bwana aliondoka amenuna, lakini kabla ya mvua za masika alikuwa ameyahamisha matanuri.

Mwanangu alizaliwa mwisho wa masika. Nesi alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu. Akasema moyo uko sawa. Sitaapa kwamba ni kwa sababu ya ule mkutano; ninachojua ni kwamba hewa aliyoikuta ni safi. Mama yake Mwajuma ndiye aliyempokea kutoka mikononi mwa nesi, akamtoa barazani, akapiga kigelegele cha kwanza, na bonde zima likamwitikia.