Redio Iliyomnyima Jirani Usingizi

Kabla ya kusema neno lolote, redio za siku zile zilikwaruza kwanza, kama mtu anayekuna sufuria iliyoungua uji. Sauti hiyo naipenda hadi leo. Ikinijia, naiona tena kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la ngano kule Mau Narok, miaka ya hamsini, moshi wa kuni za mwerezi ukitambaa chini kwa baridi, na nyanya yangu ameketi mlangoni amejifunika blanketi, amegeuza sikio la kulia upande wa njia. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. Macho nayo yalikuwa yamepofuka, na miguu haikuweza tena kupanda mlima wa kanisa. Giza hakulijali sana. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa mwimbaji, na Jumapili zilikuwa zikipita bila yeye kusikia wimbo. Baba, dereva wa trekta asiyependa maneno mengi, akaahidi mbele yetu sote kwamba ngano ikishavunwa atauza kondoo wake wawili amnunulie mama yake redio.

Dukani Nakuru, pesa za kondoo zingeweza kununua moja kati ya redio mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya mbao iliyong'arishwa, ina kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele. Nyingine ilikuwa ndogo, ya bati la buluu, ungedhani ni kopo la biskuti. Mwenye duka alisema wazi kwamba kitu kikishatoka hakirudi, na baba hakuwa na kondoo wengine. Akaona heri awaulize wanaozitumia. Jumapili moja alimtembelea mpishi wa mzungu mwenye shamba, aliyekuwa na ile ya mbao. Jumapili iliyofuata akaenda kwa seremala, mwenye ile ya bati. Kote alipewa chai ya maziwa mengi, kote akasikilizishwa kidogo, kote akaambiwa redio ni hii, hakuna nyingine. Kwetu mgeni hanywi chai ya mtu kisha akachunguza kasoro za mali yake, wala mwenyeji hakubali mbele ya mgeni kwamba alitupa pesa. Baba alirudi na sifa tele, uamuzi hana. Ila moyo wake ulikuwa kwa ile ya mbao. Nilijua kwa jinsi alivyopanua mikono akituonyesha ukubwa wake.

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba Ruthi, umeuliza wenyewe?" alisema. "Uliza jirani."

Nyumba za kambi zilipangwa mstari mmoja, ukuta wa mbao kati ya jamaa na jamaa. Mtu akipiga chafya huku, huko wanamwambia pole. Kesho yake mama alinichukua tukateke maji kwenye mfereji wa upande wa mpishi, ingawa wetu ulikuwa karibu zaidi. Jirani wa mpishi hakuhitaji kubembelezwa. Alisema redio ile inakula betri kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Mshahara ukitoka inaimba siku chache, halafu mwezi wote ni meza ya kuwekea taa. Kwa seremala tulimkuta jirani yake na mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Kale karedio hakanyamazi," alisema. "Asubuhi nyimbo, jioni nyimbo. Mtoto halali, mimi silali. Mwambieni akauze."

Mama alimpa pole kwa uso wa huzuni kabisa. Tulipopita kona akaanza karibu kukimbia, maji ya debe alilobeba yakimwagika mgongoni, nami nikajua tumepata redio yetu.

Baba aliinunua ile ya bati shingo upande. Jumapili akafunga waya wake wa kunasia mawimbi kwenye nguzo ya ua na kuiwasha akimtazama mama yake, kwa sababu nyanya asiposikia, kondoo wameenda bure. Ilikwaruza, ikakwaruza. Kisha kwaya ikaanza. Nyanya aligeuza sikio la kulia, akaudaka wimbo katikati ya ubeti na kuimba nao hadi mwisho, na mhubiri alipoanza kusema, akakunja uso.

"Mwambieni angoje," alisema. "Sijamaliza."

Baba alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta akijifanya anakaza waya, machozi yanamtoka. Sijui kama nimewahi kufurahi kuliko siku ile.

Juzi mjukuu wangu alinitafutia televisheni hapa Nakuru, kwa pesa alizokuwa ametenga. Alinisomea kwenye simu maoni ya walionunua, nyota kwa nyota, watu tusiowajua. Siku hizi ni rahisi, nami silaumu. Ukweli unaupata bila kunywa chai ya mtu. Nilimuuliza kama majirani zao wameandika lolote, akacheka akidhani namtania. Televisheni ikaletwa, pana na nyembamba, picha safi sana. Jumapili kwaya ilipoanza, aliongeza sauti bila kuambiwa, kisha akaniuliza mbona natazama dirishani badala ya picha. Ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimegeuza sikio la kulia.