Esnath wa Kihesa na wasifu uliokatazwa kuchapwa

Saa nne asubuhi, sebuleni kwake Kihesa, mjini Iringa, Esnath Mgaya anafuta faili la mteja kwa makusudi. Anahakikisha limetoweka, kisha anafungua diski ndogo iliyochomekwa kwenye kompyuta, analirudisha na kulisoma mwanzo hadi mwisho.

"Kila Jumatatu nafanya hivi," anasema. "Nakala ambayo hujaifungua ukaisoma, usiihesabu."

Esnath (46) huandika wasifu wa marehemu, ile historia inayosomwa msibani kabla ya maziko. Kwa miaka kumi na moja ameandika zaidi ya elfu tatu na mia tatu, kila mmoja kwa shilingi elfu kumi. Familia ikipata msiba mwingine hurudi kwake, kwa kuwa majina ya ukoo na wajukuu tayari anayo. Watani wake wanadai mtu wa Kihesa hahesabiki amekufa mpaka Esnath abonyeze kitufe.

Septemba mwaka jana alinunua diski hiyo. Fundi Ezron akaipanga inakili mafaili yenyewe kila siku saa kumi jioni, muda ambao Esnath huwa amepumzika.

Januari kompyuta ikafa. Esnath hakushtuka, hata chai yake aliimaliza. Lakini diski ilipofunguliwa kwa fundi, faili la mwisho lilikuwa la tarehe 14 Novemba.

Diski ilikuwa nzima. Ila mvua zikianza Iringa, wingu hufunga kuanzia saa tisa, na radi za Kihesa, ukiwasikiliza wenyeji, zinajua hadi namba za nyumba. Esnath, kama mama yake alivyomfundisha, huchomoa kila kitu ukutani: friji, televisheni, kompyuta. Saa kumi ikifika, mashine imezima. Wala programu ya kunakili haikuwa imeambiwa ifidie siku iliyorukwa kompyuta ikiwashwa tena.

"Nilijua inajifanyia yenyewe," anakiri. "Sikuangalia hata siku moja."

Wasifu sitini na moja zilipotea. Familia sitini zilikuwa na karatasi. Aliziazima, akachapa upya kwa wiki tatu. Mmoja haukuwa na karatasi popote.

Ulikuwa wa mtu aliye hai. Mzee Aroni Kikoti, miaka 84, dereva mstaafu wa malori, alimsimulia mwenyewe Desemba nzima, akihofia wanawe watamsingizia upole siku ya kumzika. Alikataza usichapwe kwenye karatasi yeye angali anapumua. Na sasa zilibaki siku nane aende Mbeya kupasuliwa tumbo, na daktari hakumficha kwamba huenda asirudi.

Esnath alikwenda kwake kwa miguu. Alisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba," akaeleza yote akiwa amesimama mlangoni, bila kumtupia fundi lawama. Mzee alimsogezea kigoda.

"Kaa, mwanangu, tuanze upya," alisema. "Ila safari hii yule chui niliyekutana naye mlima Kitonga, waandike wawili."

Kwa siku saba Esnath alikwenda asubuhi na daftari, akarudi mchana kuchapa, akanakili kwenye diski kwa mkono wake kabla wingu halijafunga. Siku ya saba chui walishafika watano, na mmoja alikuwa ameomba lifti.

"Sikubishana naye," anasema Esnath. "Maisha ni yake."

Sasa kompyuta inajinakili saa nne asubuhi, mbingu ikiwa safi, na ikikosa muda huo inafidia mara inapowashwa. Diski ya pili iko Iyunga, Mbeya, kwa kaka yake Samwel. Aliyeipeleka ni Mzee Aroni mwenyewe, siku ya safari yake ya hospitali. Aliipakata njia nzima, akamgomea kondakta aliyetaka kuiweka kwenye buti.

Jana mzee alipiga simu kutoka wodini, sauti nyembamba lakini ya ubishi uleule. Ameagiza iongezwe aya kuhusu upasuaji, ambao anadai aliusimamia mwenyewe akiwa macho.

Esnath ameshaiandika. Anapanga kumfuata kila mwezi na daftari lake.

"Diski hii ni kubwa," anasema. "Nataka huyu mzee aijaze peke yake."