Kamba Zilizobaki Isinya

Mume wangu alizaliwa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, akafanya kazi ya ofisi Nairobi mpaka akastaafu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuniambia kwamba anataka boti. Aliniambia wiki chache baada ya kupigwa na kiharusi, wakati mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine aliyekisahau pale.

"Nataka boti ya tanga," akasema. "Ya kisasa. Yenye mbio, na yenye kitanda ndani."

Sisi tunakaa Kitengela. Maji mengi tunayaona yakipita barabarani ndani ya lori. Nikamuuliza kama daktari alitaja dalili nyingine za kuangalia.

Hakucheka. Alisema siku atakayopandisha tanga peke yake, bila kushikwa na mtu, atarudi ziwani kwao. Akishindwa, haendi. Hataki kurudi nyumbani awe mtu wa kubebwa kwa boti za wenzake na kushushwa pamoja na magunia. Tangu atoke hospitalini, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka, ukiondoa rimoti.

Mimi kazi yangu ni kukodisha tenti na viti vya harusi na mazishi. Kila kitu nakihesabu kikitoka, nakihesabu tena kikirudi, na bado siku moja moja nakuta kiti cha kanisa nisilolijua ndani ya pikapu yangu. Kwa hivyo kununua ni mimi, kuchagua ni yeye. Ndivyo tulivyogawana ndoa.

Jioni tukawa tunaangalia picha kwa simu. Kulikuwa na moja Naivasha, pana, nzito, na mwenye nayo aliisifu kwamba imetulia kama nyumba ya mawe. Bei yake ilinipendeza. Mume wangu akaisukuma kando kwa kidole.

"Nzito inataka upepo mwingi na wanaume wanne. Nyepesi inaamka na upepo kidogo, na tanga lake halikuvunji bega. Mkono mmoja unaitosha."

"Una uhakika?"

"Si wewe umeolewa na mkono mmoja? Unalalamika?"

"Siku ya harusi nilihesabu miwili."

Nyepesi ilipatikana Isinya, kwa mzee mmoja wa Kimaasai, mfugaji. Mgeni aliyekuwa akisimamia shamba la maua alipanga nyumba yake, na alipohama nchi akamwachia boti juu ya trela, mlingoti umelazwa juu yake. Kuku wa mzee wakahamia ndani, mahali pa kitanda.

"Takwenya," mzee akanisalimu.

"Iko," nikajibu, na hapo Kimaasai changu kikawa kimeisha.

Ilikuwa nyembamba puani na pana nyuma, na chini ina bamba la chuma linalovutwa juu ili ipande trela. Mume wangu akaizunguka na mkongojo wake, akigonga ubavu kwa mkono wa kushoto na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji. Iliitika vizuri kila mahali. Akanitazama, nikajua bei imepanda, kwa sababu mzee naye aliuona uso wake.

Nikaanza na kasoro. Tairi la trela. Dirisha lililopasuka. Kinyesi cha kuku.

"Mama, hiyo ni mbolea," mzee akasema. "Na sijaongeza bei."

Tulivutana mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Mwishowe tukaelewana: pesa kiasi, na tenti na viti vya harusi ya binti yake. Kabla ya kupeana mkono nilihesabu kila kitu, mara mbili: matanga mawili, nyaya za kushikilia mlingoti, kapi za kupitishia kamba, na kamba zenyewe. Kamba kumi na moja, nzuri, za nchi za nje. Tukashikana mikono.

Ndipo mzee akapanda kwenye boti na kuanza kufungua kamba. Alifungua moja baada ya nyingine, bila haraka, akizikunja na kuzitundika begani.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nachukua kamba yangu."

"Lakini nimenunua boti!"

"Enda nayo. Ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki. Ukienda na kamba umeenda na boma."

"Mzee wangu, hii si ng'ombe."

"Imelala kwa boma yangu. Imenyeshewa na mvua yangu. Kuku wangu wamezaa ndani." Akashuka. "Unataka niambie watoto nimetoa kamba?"

Nikamgeukia mume wangu anisaidie. Alikuwa ameegemea trela anacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, cha kwanza tangu augue. "Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Baba hakuuza ng'ombe na kamba hata siku moja. Mwache."

Mtu mmoja hushindana na muuzaji. Hashindani na muuzaji na mume. Lakini sikuondoka mikono mitupu.

"Basi nyaya?"

Mzee akafikiri. "Waya si kamba. Ng'ombe hafungwi na waya."

"Na kapi?"

"Chukua."

"Ashe," nikamshukuru, neno la Kimaasai nililodhani nimelisahau. Tukaufunga mlingoti juu ya trela kwa kamba zangu za tenti, tukaivuta boti taratibu hadi Kitengela. Tulipofungua mlango wake tukakuta kuku amelalia mayai. Nikampigia mzee simu. Akasema huyo amechagua mwenyewe.

Jirani akachungulia juu ya ukuta wa ploti. "Mama, Mungu amekuambia nini ambacho sisi hajatuambia?"

Usiku ule sikufurahi. Boti bila kamba ni beseni. Asubuhi nikataka kutumia kamba za tenti, ninazo nyingi. Mume wangu akaniambia nifunge moja kwa nguzo ya geti niivute. Ikanyooka kama chingamu. "Tanga likining'inia hivyo mbio zimeisha," akasema. "Na mkono wangu utafanya kazi mara mbili." Nikaenda Nairobi kununua zisizovutika. Bei yake sitaitaja, bado nauguza.

Lakini tulipokuwa tukipanga mahali pa kila kamba, nikaona kitu. Alama za zamani kwenye boti zilionyesha kamba zote za kupandishia tanga ziliishia chini ya mlingoti. Mgeni yule alisimama pale juu, miguu imepanuka, akavuta kwa mikono miwili. Kama mzee angetuachia kamba zake, tungezirudisha palepale zilipotoka, na mume wangu angeangalia tanga lake kutoka chini kama mtazamaji.

Nikamweka nyuma ya boti, kwenye kiti cha plastiki. "Nyoosha mkono. Ule mzima. Unafika wapi?" Akanyoosha, nikatia alama ya chaki. Kisha kila kamba nikaipitisha kwenye kapi chini ya mlingoti, nikaileta nyuma mpaka kwenye chaki yake, upande wa kushoto. Pale tukafunga vibano vinavyouma kamba ukiivuta na kuiachia ukitaka, na winchi ndogo ya kukazia kamba kwa mpini. Alibishana nami kwa kila kapi. Kwa mbili alikuwa na haki.

Mlingoti tuliusimamisha na vijana wangu wa tenti, kama tunavyosimamisha nguzo kuu ya tenti kubwa: mmoja mguuni, wengine kwa kamba, mimi kwa kelele.

Jumamosi asubuhi upepo wa mbugani ulikuwa bado mdogo. Niligeuza trela pua ielekee upepo, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikayaangalia tena. Yeye akakaa nyuma. Mkono wa kulia ukakaa mapajani.

Akavuta. Kibano kikauma. Akapumzika, akavuta. Tanga likatoka kwenye mikunjo yake na manyoya mawili ya kuku. Likafika nusu, likapita nusu. Karibu na kilele likagoma. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa. Mkono wangu ukaenda kwenye kamba.

"Usiguse."

Nikaurudisha. Akazungusha kamba kwenye winchi, akatia mpini, akaanza kuuzungusha, robo, robo, akipumzika katikati. Likapanda kiganja kimoja. Kingine. Kisha likagonga juu na kutulia, jeupe, refu kuliko ghorofa ya jirani, na boti nzima ikatetemeka juu ya trela.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema, "Moja."

Akafungua kibano, tanga likashuka lote likamfunika magoti. Akalisukuma kando, akafuta jasho, akaishika tena ile kamba.

"Si wewe unahesabu mara mbili?" akasema, akaanza kuvuta.