Kuku Huyu Hachinjwi

Wifi yangu alipomkuta kuku wangu amefungua mdomo akitafuta pumzi, hakukaa hata kitako. Alivua baibui, akauliza kisu kiko wapi.

"Mchinje angali hai," aliniambia. "Akifa mwenyewe nyamafu huyo, utamtupa jaani."

"Huyu hachinjwi," nikasema.

"Kwani kazi ya kuku nini?"

Nilimsogeza kuku nyuma yangu. Alikuwa kishingo, shingo tupu nyekundu isiyo na nyoya. Aliletwa kutoka shamba awe kitoweo cha wageni, wageni wakaghairi safari, naye akabaki. Alijizoesha kupanda ngazi zetu za mawe mpaka jikoni juu, na nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi na kuikamua, alikuja kudonoa chicha mkononi mwangu. Sasa chicha hata hakitazami. Macho yalikuwa na povu, puani ute, na kwa kuwa shingo haina nyoya, niliiona kila pumzi ikipita kwa tabu, ikikoroma.

Mlio ule naujua. Mimi nimezaliwa Makunduchi, nimekua na pumu. Utotoni nililala nikiwasikia wakubwa wakinong'ona mlangoni kuwa mtoto huyu hafiki mbali. Dawa yao ilikuwa mafusho. Nilifunikwa blanketi juu ya kaa la moto lenye majani na ubani, nikilia nitolewe, na nikitolewa nimelegea walisema dawa imeingia. Basi jirani yetu wa chini, bibi mwenye huruma zake, alipopanda na ubani wake amfukizie kuku, nilisimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Uniwie radhi, moshi hauingii humu."

"Marahaba, mwanangu. Hii dawa ya wazee."

"Naijua, bibi. Nshaionja."

Nikamtia kuku kikapuni, nikamfunika kanga, nikenda naye Mlandege kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alicheka. "Kuku mmoja tu, bi? Wenzio wananunulia banda zima."

"Banda langu ndilo hili."

Kicheko kikamkauka. Akanielekeza mtaa wa pili kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana, ambaye alimwekea kuku kipimo kifuani na kumsikiliza muda mrefu, kama mtu. Mafua, alisema, yameshuka kifuani. Akanipa dawa ya kutia kwenye maji yake, akaniambia nimlaze pakavu penye hewa na mayai yake yasiliwe mpaka atakapotuambia. Kisha akainusa kanga yangu.

"Mnafukiza udi nyumbani?"

"Kila siku. Ijumaa zaidi."

"Ndege hastahamili moshi. Ukiendelea na udi, dawa yangu kazi bure. Na hata ukiacha, siwezi kukuahidi."

Nilirudi nikakiondoa chetezo sebuleni, nikamwaga majivu yake. Ijumaa mume wangu alitoka msikitini akaikuta nyumba haina harufu. Wifi yangu, aliyekuja kula nasi mchana, alikuwa keshampa habari zote ngazini.

"Hivi kuku ndiye anayetuamulia udi nyumba hii?" mume wangu akauliza.

"Watu watatusema," dada yake akadakia. "Nyumba ya kiungwana inanuka kuku!"

Hapo likanitoka neno ambalo sikulipanga.

"Si kuku. Ni mimi. Tangu mnioe nafukiza udi, kisha napanda juu darini kukohoa msinisikie. Nshachoka. Haufukizwi tena."

Mume wangu akanitazama. "Mbona hukusema siku zote?"

"Nasema sasa."

Alikaa mkekani, akavuta sahani ya pilau, akala. Wifi yangu aliondoka kabla ya kahawa, akikokota viatu ngazi nzima ili nimsikie.

Nikaendelea na kuku wangu. Nilimfuta macho kwa maji vuguvugu, nikambadilishia matandiko kila yalipolowa. Ikaja asubuhi moja hakunyanyua kichwa kabisa. Nilimpakata nikawa namdondoshea maji ya dawa mdomoni, mara nikaona mikono mingine imemshika mbawa asijirushe. Ilikuwa ya mume wangu. "Mnyweshe," alisema. "Usimwagie nje."

Taratibu mdomo wa kuku ukafungika. Povu likakauka. Akadonoa punje ya mchele, akaiacha, akairudia.

Sauti haikumrudia. Akitaga, hatetei kama kuku wa watu, hutoa mkwaruzo unaowachekesha wapita ngazini. Wifi yangu bado huja, hukaa karibu na dirisha, nguo zake zimefukizwa kwao, na hakosi kuuliza kama yule kuku mbovu yupo.

"Yupo," namjibu. "Na mimi nipo. Chai utie sukari, wifi, au vivi hivi?"